Maji ya Naura yanaishia wapi? Hoja za kujirudia kwenye hifadhidata, na namna ya kuzifanya ziende mbio

Leo naweka habari za mjini pembeni kidogo. Kuna swali ambalo vijana wanaojifunza hifadhidata wananiuliza kila mara: "Hoja yangu inazunguka tu, haileti jibu, nifanye nini?" Ukicheki vizuri, mara nyingi ni hoja ya kujirudia, ile inayotafuta kitu ndani ya kitu ndani ya kitu. Nimeamua niandike yote mahali pamoja ili mtu aweze kurudi hapa siku akikwama. Ukiwa kafe na hesabu inakwenda kwa dakika, hifadhi ukurasa kwenye flashi ukasome nyumbani.

Maneno kwanza tuelewane. Hoja ni lile ombi unaloiandikia hifadhidata kwa SQL, wengine wanaita kwiri. Jedwali lina mistari, yaani kumbukumbu moja moja, na safu, yaani jina, namba na kadhalika. Indeksi ni kama ile orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu: badala ya kufungua kurasa zote, unakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoutaka.

Kujirudia ni nini?

Simama kwenye daraja la Mto Naura hapa mjini Arusha, uulize: maji haya yanakwenda wapi? Yanaingia Themi. Na Themi unakwenda wapi? Unaingia Kikuletwa. Kikuletwa? Bwawa la Nyumba ya Mungu. Halafu? Mto Pangani. Halafu? Bahari ya Hindi. Hapo umeuliza swali moja lile lile mara tano, na kila jibu limekuwa mwanzo wa swali linalofuata. Huko ndiko kujirudia, hakuna uchawi wowote.

Kwenye hifadhidata mito hiyo inakaa hivi:

id | jina | unaingia_id
1 | Bahari ya Hindi | (tupu)
2 | Pangani | 1
3 | Nyumba ya Mungu | 2
4 | Kikuletwa | 3
5 | Themi | 4
6 | Naura | 5
7 | Nduruma | 4
8 | Weruweru | 4
9 | Ruvu | 3

(Ruvu huyu ni wa Kilimanjaro, msichanganye na yule wa Pwani.)

Kila mstari unamjua jirani yake mmoja tu wa mbele. Naura haijui habari za Pangani. Na hapo ndipo SQL ya zamani ilipogota. Edgar Codd alitoa wazo la hifadhidata za majedwali mwaka 1970, lakini mwaka 1979 Alfred Aho na Jeffrey Ullman wakaonyesha kwamba aljebra ile ya majedwali peke yake haiwezi kufuata mnyororo ambao hujui urefu wake. Unaweza kuunganisha jedwali na lenyewe mara tatu, mara nne, lakini lazima ujue mapema ni mara ngapi. Mto hausubiri wewe ujue.

Oracle walikuwa na njia yao wenyewe, CONNECT BY, tangu enzi hizo. Kiwango cha kimataifa kikaja na SQL ya mwaka 1999, kikaleta WITH RECURSIVE. Wengine wakafuata taratibu: SQL Server toleo la 2005, PostgreSQL 8.4 mwaka 2009, SQLite 3.8.3 mwaka 2014, MariaDB 10.2 mwaka 2017, na MySQL 8.0 mwaka 2018. Kwa hiyo kama mashine unayotumia ina MySQL 5, usijilaumu, kitu hicho hakimo kabisa. XAMPP za miaka ya karibuni zina MariaDB ndani yake, hizo zinakubali.

Hoja yenyewe

WITH RECURSIVE njia AS (
SELECT id, jina, unaingia_id, 1 AS hatua
FROM mito WHERE jina = 'Naura'
UNION ALL
SELECT m.id, m.jina, m.unaingia_id, n.hatua + 1
FROM mito m JOIN njia n ON m.id = n.unaingia_id
)
SELECT hatua, jina FROM njia ORDER BY hatua;

Sehemu ya juu ya UNION ALL ni mwanzo: nipe Naura. Sehemu ya chini ndiyo inayojirudia: chukua ulichopata mzunguko uliopita, tafuta kinachofuata. Kumbuka hili maana ndilo msingi wa mengine yote: kila mzunguko unatumia mistari MIPYA tu ya mzunguko uliopita, haurudii ile ya zamani. Mzunguko ukirudi mikono mitupu, kazi imekwisha. Hapa utapata mistari sita, kuanzia Naura hadi Bahari ya Hindi.

Sasa geuza swali: mito gani inalisha Nyumba ya Mungu? Anza na bwawa, halafu badilisha kiungo kiwe ON m.unaingia_id = n.id. Mzunguko wa pili unaleta Kikuletwa na Ruvu, wa tatu Themi, Nduruma na Weruweru, wa nne Naura, wa tano hauna kitu. Basi.

Kosa langu mwenyewe

Kabla ya kuwapa kanuni niwaambie kwa nini nazishika sana.

Huku kwetu kuzunguka Mlima Meru floridi si hadithi. Mlima ni wa volkano, chemchemi nyingi zina floridi ya kupita kiasi, ndiyo maana wengi tuna meno ya kahawia, na ikizidi zaidi inaingia hadi kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji.

Kuna wakati nilipata kibarua kwenye mradi mmoja wa maji wa vijiji vya mlimani (sitautaja). Walikuwa wamepima chemchemi moja wakakuta floridi imepita kiwango. Wakataka orodha: vioski na mabomba gani yanapata maji kutoka chemchemi hiyo, ili yawekewe alama ya kwamba maji yasinywewe. Jedwali la mabomba lilikuwa na safu mbili, kutoka_id na kwenda_id. Nikaona kazi ya nusu saa hiyo!!

Kwanza nikaandika kwa PHP, kitanzi kinachouliza seva swali moja kwa kila tangi na kila bomba. Laini ya kafe ilikuwa nzito. Chukua vituo 500, kila swali sekunde 0.2 kwenda na kurudi, tayari sekunde 100 zimekwenda kwa safari tu. Ukurasa ukakatika njiani.

Nikahamia WITH RECURSIVE, mfano wa ile ya juu, na safu ya hatua ndani. Ikazunguka bila kuisha. Kumbe kulikuwa na matangi mawili yenye bomba la kusawazisha maji, la kwanza linapeleka la pili na la pili linarudisha la kwanza. Hoja yangu ilikuwa inatembea kati ya matangi hayo mawili kama mtu aliyepotea stendi.

Hapo nikafanya ujinga. Nikaweka LIMIT 500 mwishoni, jibu likaja haraka, nikaondoa majina yaliyojirudia, nikachapisha orodha, nikalipwa. Siku ya pili usingizi ukanigomea. Nikarudi nikaifanya upya vizuri, nikakuta vioski viwili vimeachwa. Ile mistari 500 ilijaa matangi yale yale yaliyojirudia kabla hoja haijafika mbali. Vioski viwili maana yake ni ndoo za watu asubuhi na jioni, na watoto ambao meno ya ukubwani bado hayajaota. Nikapanda gari nikaenda kusema kosa langu uso kwa uso. Walinisikiliza, orodha ikarekebishwa kabla alama hazijawekwa. Tangu siku hiyo naamini kwamba hoja inayokwenda haraka na kutoa jibu pungufu ni hatari kuliko ile inayogoma, maana iliyogoma angalau inakuambia kuna tatizo.

Sasa kanuni.

1. Usiulize swali moja moja kutoka kwenye programu

Kitanzi cha PHP au lugha yoyote kinachotuma hoja kwa kila mstari ndicho muuaji namba moja. Acha hifadhidata izunguke yenyewe huko ndani, wewe upokee jibu mara moja.

2. Weka indeksi upande unaotafutwa

Ukiteremka na mto unatafuta kwa id, na id ni ufunguo mkuu, tayari ina indeksi. Ukipanda kutafuta matawi unatafuta kwa unaingia_id, na hiyo inaweza kuwa haina. Bila indeksi kila mzunguko unaweza kusoma jedwali zima. Mistari 80,000 mara mizunguko 6 ni mistari 480,000 kwa jibu ambalo pengine ni la mistari 200.

CREATE INDEX mito_unaingia ON mito (unaingia_id);

Angalia mtego huu: kwenye MySQL injini ya InnoDB hujiwekea indeksi kwenye safu ya ufunguo wa nje. PostgreSQL haifanyi hivyo, ni lazima uweke mwenyewe. Watu wengi wanahama kutoka moja kwenda nyingine halafu wanashangaa kwa nini kitu kimekuwa kizito.

3. Chuja mwanzoni, si mwishoni

Kuna mtu anaanza na mito yote, anajenga njia zote, halafu nje kabisa anaandika WHERE mwanzo = 'Naura'. Hifadhidata itajenga kila kitu kwanza, kisha itupe karibu chote. PostgreSQL haisukumi sharti la nje kuingia ndani ya hoja ya kujirudia, na hata kwingine usitegemee. Sharti la kuanzia liweke kwenye sehemu ya kwanza.

Pia chagua upande mfupi. Ukitaka kujua kitongoji fulani kiko mkoa gani, usianze taifa ukashuka vitongoji vyote. Anza kwenye kitongoji upande: kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa. Hatua tano tu, na kila hatua mstari mmoja.

4. Beba vitu vichache

Ndani ya mzunguko beba id tu, na hatua kama unaihitaji kweli. Majina, maelezo marefu na picha viunganishe mwishoni baada ya mti kupatikana. Mtu anayepanda Meru hapandi na kabati mgongoni.

5. Jua tofauti ya UNION na UNION ALL

UNION ALL inachukua kila kinachokuja. UNION inakagua: hiki tulishakipata? Kama ndiyo, inakitupa. Kwenye mti halisi, ambapo kila kitu kina mzazi mmoja, tumia UNION ALL, maana ukaguzi ni gharama ya bure. Kwenye mtandao kama mabomba, ambapo tangi moja linapata maji kutoka chemchemi mbili, tumia UNION.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kila hatua ina matangi mawili, na kila tangi linapeleka maji kwenye matangi yote mawili ya hatua inayofuata. Baada ya hatua 20 matangi ni 40 hivi tu, lakini njia za kufika mwisho ni 2 ishirini zikizidishwa pamoja, yaani 1,048,576. UNION ALL itazipita zote. UNION itabaki na mistari miwili kila mzunguko.

LAKINI, na hapa ndipo nilipoanguka mimi, UNION inalinganisha mstari mzima. Ukiweka safu ya hatua, tangi lile lile kwenye hatua ya 3 na hatua ya 5 ni mistari miwili tofauti, basi halitupwi. Na kama kuna duara utazunguka milele vile vile. Kwa swali la "vioski gani vinafikiwa?" hatua haihitajiki. Hoja iliyonitoa ilikuwa hivi:

WITH RECURSIVE fika AS (
SELECT kwenda_id AS id FROM mabomba WHERE kutoka_id = 12
UNION
SELECT b.kwenda_id FROM mabomba b JOIN fika f ON b.kutoka_id = f.id
)
SELECT id FROM fika;

Namba 12 ndiyo chemchemi. Indeksi iko kwenye kutoka_id. Duara la matangi mawili halikuisumbua tena, na hakuna LIMIT iliyokata kitu.

6. Weka breki

Kama hatua ni lazima uwe nayo, weka WHERE n.hatua < 20 kwenye sehemu inayojirudia. Lakini breki ikiguswa ujue, usikae kimya: angalia kama kuna mistari iliyofika hatua ya 20. PostgreSQL 14 ya mwaka 2021 imeongeza neno CYCLE linalokamata duara lenyewe. SQL Server kwa kawaida husimama baada ya mizunguko 100, na MySQL baada ya 1,000, zote zinatoa kosa. Ukiona kosa hilo usikimbilie kupandisha kikomo. Kwanza tafuta duara.

7. Tazama mpango

Weka EXPLAIN mbele ya hoja. Kwenye SQLite andika EXPLAIN QUERY PLAN: ukiona SCAN kwenye jedwali lako kubwa ndani ya sehemu inayojirudia, indeksi haipo au haitumiki, ukiona SEARCH pamoja na USING INDEX, uko salama. Ila jedwali la mistari tisa kama la mito yangu PostgreSQL italisoma lote hata kama indeksi ipo, na iko sahihi. Kitabu cha kurasa mbili hakihitaji orodha ya maneno.

Je, unaweza kukwepa kujirudia kabisa?

Unaweza, kwa kuhifadhi mti kwa namna nyingine. Mfano mzuri uko kwenye historia yetu. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka Mkoa wa Arusha, wilaya tano zikahama: Babati, Hanang, Mbulu, Kiteto na Simanjiro. Tuone kila njia ingeumia kiasi gani siku hiyo.

Mzazi tu (kama jedwali la mito): unaongeza mstari mmoja wa Manyara, unabadilisha mistari mitano. Basi. Kata na vijiji havijui hata kama kuna kilichotokea. Kuandika ni rahisi, kusoma ndiko kunahitaji kujirudia.

Njia kamili: kila mstari unabeba ukoo wake wote, mfano /1/7/42/. Kupata vyote vilivyo chini ya 7 unaandika LIKE '/1/7/%', na indeksi inasaidia kwa sababu mwanzo wa neno unajulikana (kwenye PostgreSQL mara nyingi indeksi hiyo inataka uiandike na text_pattern_ops). Usisahau mkwaju wa mwisho! '/1/7%' itazoa na namba 70. Siku ya Manyara ungebadilisha kila kata na kila kijiji cha wilaya zote tano. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa kwenye kazi za Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, unahifadhi njia ya namna hii kwa kila kituo na kila ngazi iliyo juu yake. Inaeleweka: ripoti zinasomwa kila siku, mikoa haikatwi kila siku.

Namba za kushoto na kulia: kila kitu kinapewa namba mbili, na watoto wako ndani ya namba za mzazi. Joe Celko ndiye aliyeipigia debe sana. Kusoma ni BETWEEN moja tu. Kuhamisha ni balaa, unapanga namba upya sehemu kubwa ya mti.

Jedwali la ukoo: jedwali la pili linaloandika kila babu na kila mjukuu wake. Mti wa ngazi 6 wenye vitu 10,000 hauzidi mistari 60,000 hapo, si mingi. Kusoma ni haraka pande zote mbili. Siku ya Manyara unafuta viungo vya zamani vya wilaya hizo na vyote vilivyo chini yake, unaandika vipya.

Ushauri wangu: anza na mzazi tu, weka indeksi, pima. Wengi mtakuta inatosha. Hamia nyingine pale tu ambapo kusoma kumekuwa kwingi na kubadilisha ni nadra.

Kujizoeza bila gharama

Chukua SQLite, programu yake ni ndogo inaingia kwenye flashi, na hifadhidata nzima ni faili moja. Andika mito tisa ya hapo juu. Uliza kuteremka, uliza kupanda. Halafu fanya makusudi: ifanye Bahari ya Hindi iingie Naura, uone duara linavyokula mashine kwa UNION ALL, kisha toa safu ya hatua, weka UNION, uone inavyosimama. Dakika kumi za mchezo huo zitakufundisha kuliko maneno yangu yote.

Na kabla hujampa mtu orodha, hesabu kwa mkono tawi moja dogo ulilinganishe na jibu la mashine. Mimi ningefanya hivyo siku ile nisingepanda gari kurudi mlimani.

Mwenye swali au aliyeona nimekosea, aandike kwenye maoni hapo chini, aweke hoja yake na toleo la hifadhidata anayotumia. Tutaifungua pamoja. Siku njema wadau.